Gwaride Lililopita kwa Mama Mkwe

Jamani, jambo hili naona haya kulisimulia hata leo, na msidhani nalisimulia kwa kupenda, ila nimechoka, maana kila penye watu watatu wa Korogwe na mmoja wa Handeni lazima atokee wa kuniuliza, "Mwalimu Mhina, hivi tope hukauka kwa siku ngapi?" halafu wote wacheke, na wengine wanaocheka siku ile walikuwa hawajazaliwa. Basi afadhali mlisikie kwangu mimi mwenye tope kuliko kulisikia kwa wale wanaosema niliogelea. Sikuogelea. Tope lilinifika hapa tu, kwenye mapaja.

Siku hizo mwenye nchi alikuwa Mjerumani, gari la moshi lilikuwa limekwisha kufika Korogwe kutoka Tanga, na mimi nilikuwa mwalimu msaidizi katika shule ya serikali ya pale, mwaka wa sita (nauhesabu mwaka kwa sababu niliuhesabu wakati ule, kila mmoja, na nusu zake). Msaidizi ndiye anayefuta ubao, ndiye anayezunguka nyumba kwa nyumba asubuhi kuwatafuta watoto ambao wazazi wamewaficha shambani, ndiye anayesutwa na akida watoto wakipungua, na mwalimu mkuu ndiye anayekaa kwenye kiti chenye mgongo akatia sahihi. Mimi nilikitaka kile kiti. Nilikuwa nikibaki peke yangu darasani nakikalia, nakunja nne, nakohoa kama mtu mwenye mambo mengi, kisha nasikia hatua mlangoni nainuka upesi najifanya nakipangusa vumbi.

Njia ya kukifikia haikuwa siri. Kwanza utumike usaidizi hadi uchoke, kisha mkuu wako akuandikie barua ya kukusifu (akikupenda), kisha usimame mbele ya Bwana Mkaguzi pamoja na wasaidizi wengine wanaokitaka kiti hicho hicho, akupime wewe na watoto wako, na mmoja tu, mmoja, ndiye anayepelekwa Tanga kwa mwaka mzima kufundishwa ukubwa. Huko unajifunza kushika daftari la mahudhurio na kumwandikia Bwana Shauri, Mjerumani mkuu wa wilaya, taarifa na kuongoza walimu wenzako bila kugombana nao, tena shamba la shule, tena gwaride. Ukirudi unakabidhiwa shule. Na mwaka ule shule iliyokuwa ikingojea mkuu ilikuwa mpya kabisa, haijaezekwa hata, nayo ilikuwa Handeni.

Handeni, kwetu. Mama yangu yuko kule, kaburi la baba liko kule, wajomba wote walioniambia kwamba kusoma ni kazi ya wavivu wako kule. Nilikwisha jiona nikipita katikati yao na kanzu imenyooka, daftari kwapani, nao wananyamaza. Sikutaka kitu kingine duniani mwaka ule.

Sasa Hoza. Hoza alikuwa msaidizi kama mimi, ila yeye alifundisha Makuyuni, Mshambaa aliyeshuka kutoka milimani upande wa Lutindi, mrefu, mpole, hapandishi sauti, na mwandiko wake ungedhani umechapwa kwa mashine. Mimi ningeweza kumvumilia, walimu wazuri ni wengi, lakini Hoza alikuwa mwanyumba wangu. Yaani mimi nimemwoa Mwanaidi, yeye kamwoa Mwanahawa, mdogo wake, nyumba moja, mama mkwe mmoja. Na mama mkwe yule, kila habari iliyotoka kwake ikanifikia kwa mdomo wa mke wangu, ilikuwa ni Hoza. Hoza kaleta kuni. Hoza kaezeka jiko. Hoza kampelekea asali ya milimani. Mimi nikipeleka mahindi naambiwa mama kashukuru. Basi, kashukuru! Hoza akipeleka asali naambiwa alivyoionja, alivyofumba macho, alivyosema nini kabla ya kumeza na nini baada ya kumeza.

Ulikuwa wivu, sikatai. Nilikuwa nikilala nao, nikiamka nao, nikila ugali wa bada nao, na wallahi ulikuwa ukila kunizidi.

Bwana Mkaguzi akaandika kwamba atakuja Korogwe, na kila mwalimu anayeomba kwenda Tanga aje na watoto wake kwa gwaride hadi uwanja ulio mbele ya stesheni, safi, kwa wakati, kwa mstari, kisha atawauliza hesabu na kusoma. Mwalimu wetu mkuu, mzee Sefu, mtu wa Pangani aliyekuwa amekwisha kuona wakaguzi wengi, akaniambia jambo moja tu, kwamba Bwana huyu zamani alikuwa askari, kwa hiyo hesabu zisinisumbue sana, nishughulikie miguu.

Nikashughulikia miguu. Watoto wangu walikuwa thelathini na wanane, na kwa majuma matatu sikuwafundisha kitu ila amri moja: macho kwenye kisogo cha aliye mbele, wa mbele macho kwangu, ninachofanya mimi fanyeni, hakuna kuuliza. Nikisimama, wanasimama. Nikichuchumaa, wanachuchumaa. Kulikuwa na gogo njiani, siku moja nikaliruka kwa kuwajaribu, nikageuka, nikaona thelathini na wanane wanaliruka mmoja mmoja na ngoma haijakosa pigo. Nilitaka kulia kwa furaha, nikasema Hoza atafute gogo lake.

Kisha, siku moja kabla ya gwaride, mke wangu akaleta habari. Watoto wa Hoza, kwa kuwa Makuyuni ni mbali, wameletwa mapema na wamefikia kwa mama mkwe, uani kwake, na mama mkwe mwenyewe kawapikia uji. Hoza yeye kalala kwa watu wengine, bila shaka, hawezi kulala uani kwa mkwewe. Lakini uji, jamani! Mimi nakaa Korogwe ile ile miaka sita, wanafunzi wangu hawajaona hata ukoko wa chungu cha mama yule.

Nikamwambia Mwanaidi, "Mama Rajabu, kamwambie mama kesho mimi na watoto wangu tutapita njia ya kwake, jua likifika juu ya paa la msikiti. Aangalie kupitia ua."

Hapo ndipo nilipokosea. Njia ya kutoka shuleni hadi stesheni ilikuwa pana, fupi, kavu, mtoto wa kutambaa angefika. Njia ya kwa mama mkwe inazunguka huko chini, kwenye ile Korogwe mnayoiita sasa ya zamani, karibu na mto, nyembamba, upande mmoja ua wa mama mkwe na upande wa pili shimo la udongo ambamo watu walikuwa wakikanyaga tope la matofali ya nyumba za stesheni. Mwanaidi akaniuliza nina haja gani ya kuzunguka. Nikamwambia huko kuna kivuli.

Asubuhi ile kanzu zote zilikuwa nyeupe, nimezitia wanga wa muhogo mimi mwenyewe, watoto wakitembea zinalia kama majani makavu. Nikaangalia jua, bado halijafika juu ya paa la msikiti, halijakaribia hata. Lakini nikawaza (hivi ndivyo wivu unavyomfanya mtu awaze), nikienda sasa hivi nitawakuta watoto wa Hoza bado wananawa nyuso, wamekaa hovyo uani na vibuyu vya uji, na mama mkwe atawaona hawa na wale kwa mara moja, alinganishe. Nikasema twendeni. Ngoma ikalia.

Tulikwenda vizuri, Mungu anajua. Wafanyabiashara walitoka vibarazani. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele, nikajifanya sikusikia. Tukateremka, tukakata kona ya ua wa mama mkwe, na pale njiani, katikati, hatua nne mbele yangu, alikuwepo mama mkwe.

Si uani. Njiani. Tena ameinama, mgongo kwetu, amevaa kaniki, ana bakuli mkononi.

Nyinyi vijana wa siku hizi mnakaa na wakwe zenu mnakunywa chai, sina la kuwaambia. Kwetu, Mzigua na Mshambaa wote, mwanamume akimwona mama mkwe njiani anatoka njiani, haangalii, hapumui, anaingia majanini mpaka apite, na kama ni kumwona ameinama, mgongo hivyo, mbele ya watu, basi hilo sijui hata lina faini gani maana sikuwahi kusikia mtu mwingine aliyelifanya. Miguu yangu haikuniuliza. Nilikuwa hewani kabla kichwa hakijaelewa, na nilipoelewa nilikuwa tayari nimesimama katika shimo la udongo, tope mapajani, nimeupa uso ukingo wa shimo kama mtoto aliyetiwa adabu.

Kisha nikasikia puu. Nikajua. Nikasikia puu nyingine, na nyingine, na mwenye ngoma akaingia na ngoma yake, ikatoa mlio mmoja wa maji, na nyuma yake wote, mmoja mmoja, kwa mstari, macho kwenye kisogo cha aliye mbele, hakuna aliyeuliza, thelathini na wanane, na kila mmoja alipotua aligeuka akaupa uso ukingo wa shimo kama nilivyofanya mimi. Katika maisha yangu yote ya ualimu sijapata tena kutiiwa namna ile.

Nikangoja nikasikia mlango wa ua ukifungwa. Nilipopanda juu, njia ilikuwa tupu, kuna kitu cheupe tu kimemwagika chini kama unga, na juu ya ua vichwa vya watoto wa Makuyuni, vimejipanga, vinatutazama. Havikucheka. Walikuwa wamefundishwa na Hoza, hawacheki.

Mtu mwenye akili angerudi. Angemtuma mtu stesheni aseme kumetokea ajali, Bwana asubiri, watoto wanaoga. Nami nilikuwa karibu kurudi, nawaambieni kweli, lakini pale pale nikasikia kikohozi cha Hoza kutoka upande wa pili wa nyumba, kile kikohozi chake cha adabu, amekuja kuwachukua watoto wake. Nikaona nikirudi mimi, anafika yeye. Nikawaambia watoto wangu, mbele tembea. Ngoma ilikuwa imejaa tope, ikawa inalia kama mtu anayepiga mto, lakini tukatembea.

Uwanjani palikuwa na Bwana Mkaguzi kwenye kiti cha kukunja, mzee Sefu kasimama kando yake, akida, na nusu ya Korogwe. Tulipojitokeza watu wakatupisha wasichafuke. Mzee Sefu alifunga macho yake, akayaacha yamefungwa. Bwana Mkaguzi akainuka, akatuzunguka taratibu, akamgusa mtoto mmoja begani kwa kidole, akakiangalia kidole, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake kizuri tu ni nini hiki.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ningesema nimekutana na mkwe, akida angecheka, mzee Sefu angemweleza Bwana desturi, yangekwisha. Lakini nyuma yangu nikaisikia ngoma ya Makuyuni, kavu, safi, inakuja, na mdomo ukafanya kama miguu ilivyofanya.

"Zoezi la vita, Bwana," nikasema. "Adui akitokea ghafla njiani, watoto wanajitupa chini wajifiche."

Uso wa Bwana ukabadilika. Jamani, ulichanua. Akasema shule zote alizokagua pwani hadi bara hajaona mwalimu aliyefikiri jambo kama hilo, akaniuliza jina, akaliandika katika kitabu chake kidogo, nami nikaliona likiandikwa. Hoza alikuwa amekwisha fika na watoto wake, kanzu zao zinaumiza macho kwa weupe, na Bwana hakuwaangalia hata kidogo. Nilimwangalia mimi. Nikamwangalia Hoza kwa jicho la kumwambia, asali yako leo imekuwa shubiri.

Bwana akasema, "Nionyeshe."

Nikamwambia watoto wamechoka. Akasema hawaonekani kuchoka (na kweli hawakuchoka, walikuwa wakisukumana kwa furaha). Basi tukateremka wote, Bwana mbele, akida, mzee Sefu anaburuta miguu, wafanyabiashara wameacha maduka wazi, Hoza na watoto wake nyuma, mpaka kwenye lile shimo. Nikawa nawaza, si neno, nitaruka tena, watanifuata tena, kuchafuka tumekwisha chafuka. Hata nikaanza kupenda. Nikashusha pumzi, nikajiweka sawa mbele ya mstari.

Bwana akanishika mkono. Akasema hapana, mkubwa haingii topeni, mkubwa husimama pakavu akatoa amri, na ninayetaka ukuu lazima nijue hilo. Akanisimamisha kando yake. Akaniambia toa amri.

Nikaangalia watoto wangu. Wao wakaniangalia.

"Ingieni!" nikasema.

Hakuna aliyetikisika. Nikadhani hawakusikia, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, wakazidi kunyooka, macho kwangu, wazuri, watiifu, wamesimama pakavu kwa sababu mwalimu wao kasimama pakavu. Mara ya tatu sauti ikanipasuka. Bwana akaniuliza kwa nini hawatii. Kumbe walikuwa wakitii kupita kiasi.

Basi Bwana akainama kwa yule mtoto wa ngoma, akamuuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu wako huingia shimoni akiona nini?"

Mtoto alikuwa amefundishwa kumjibu mkubwa kwa sauti na kwa sentensi kamili. Nilimfundisha mimi.

"Mwalimu wetu huingia shimoni akimwona mama mkwe wake, Bwana."

Kicheko kile, nadhani gari la moshi lilikisikia huko Mombo. Akida alikaa chini. Wanawake walishikana. Kulikuwa na mzee mmoja muuza tumbaku ambaye watu walisema hajacheka tangu mkewe afe, naye alikuwa anajipangusa macho kwa kofia. Mimi nilitafuta uso mmoja tu katika nyuso zote, nao haukucheka. Hoza alikuwa ameangalia chini, kwenye miguu yake mwenyewe, kama mtu aliyeona jambo lisilomhusu. Angecheka ningemsamehe. Angecheka hata kidogo tu!

Bwana hakucheka pia, aligeuka mwekundu, na mimi nikahesabu viboko vyangu hamsa ishirini mgongoni kabla havijapigwa, maana kumdanganya Mjerumani mbele ya watu si mchezo. Mzee Sefu, Mungu amrehemu, akasogea akamwambia taratibu habari ya desturi yetu ya wakwe, na kwamba mama huyo ni mkwe wa Hoza pia na watoto wa Makuyuni walilala kwake, akasema mwalimu huyu ni mwongo leo tu, siku nyingine ni mtu mwenye bidii. Bwana akasikiliza. Kisha akamgeukia Hoza, akamuuliza, huyo mama si mkwe wako na wewe, na watoto wako si walilala kwake, imekuwaje wewe hukuingia shimoni?

"Nilisimama mbali nikakohoa, Bwana," Hoza akasema, "kisha nikatuma mtoto mmoja mbele aangalie kama njia ni nyeupe."

Alisema hayo tu. Bwana akafungua kile kitabu, akakata jina langu kwa mstari mmoja (niliuona mstari, ulinyooka), akaandika jingine. Akasema mtu wa kuongoza shule ni huyo anayejua kilicho mbele kabla ya kuwatia watu wake njiani, na yaliyobaki anaweza kufundishwa Tanga. Hesabu hakuuliza, wala kusoma. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hesabu pia, jambo ambalo hakuna anayelikumbuka.

Viboko sikupata. Adhabu yangu ilikuwa kuzifua kanzu zote thelathini na nane, kwa mikono yangu, pale mtoni wanapofulia wanawake, watoto wamekaa ukingoni na vitambaa viunoni wananihesabia kwa sauti. Wanawake walinipa nafasi kwenye jiwe. Mmoja akanifundisha namna ya kupiga povu, kwa huruma, nadhani.

Nilikuwa kwenye ya kumi na tisa Mwanaidi alipokuja. Akapiga magoti kando yangu akachukua kanzu. Tukafua. Nami kwa kuwa moyo ulikuwa bado unachemka nikaanza tena, nikasema basi mama yako sasa kafurahi, mwanawe wa uji anakwenda Tanga, anakwenda kukalia kiti Handeni kwetu, na alikuwa akifanya nini yule mama katikati ya njia, si nilisema aangalie kupitia ua?

Mwanaidi akakamua kanzu mpaka tone la mwisho ndipo akanijibu.

"Baba Rajabu, ulisema jua juu ya msikiti. Mama alitoka mapema akunyunyizie njia, unga wa mtama na maji, kukutakia heri, kama walivyomfanyia baba yake akienda safari. Angemaliza, angeingia ndani, ungepita juu ya unga bila kujua."

Nikamuuliza kama Hoza naye alinyunyiziwa. Ndilo swali lililonitoka, na mtajua kutokana na hilo mimi ni mtu wa namna gani.

"Hapana," akasema. "Mimi nilimuuliza mama hivyo hivyo. Akasema wale wa Hoza ni wageni, mgeni hupewa uji. Wewe ni wa hapa."

Nikarudi kwenye kanzu ya kumi na tisa. Nadhani niliifua mara tatu.

Hoza akaenda Tanga, akarudi, akakabidhiwa Handeni. Mama yangu mzazi, mimi niliyemwahidi kiti kile, akanitumia salamu kwamba mwalimu mkuu wao mpya ni mtu wa adabu mno, kila asubuhi anapita kumpa shikamoo, na kamletea asali. Sikujibu salamu ile kwa miezi miwili. Mimi nami nilipelekwa Tanga mwishowe, baada ya miaka minne mingine ya kufuta ubao, nikafundishwa daftari na taarifa na yote, na mkufunzi alipotuuliza la kwanza la mwalimu mkuu ni lipi, wenzangu wakasema elimu, wengine wakasema nidhamu, mimi nikasema kutuma mtoto mbele aangalie njia. Akanisifu. Hakujua nililipata wapi.

Kwa hiyo sitoki tena na watoto kwa ajili ya kuonwa na mtu, na nikikaribia kona nakohoa, hata kama najua hakuna mtu. Wivu siwezi kuwaapia, maana juzi tu nimesikia Hoza kaezeka bati. Lakini mama mkwe yuko hai, mzee sasa, na kwa desturi ile ile siwezi kumfuata nikamwambia nisamehe, wala yeye hawezi kuniambia yamekwisha. Kila mwaka nikisafiri naipitia njia ya kwake, jua likiwa juu ya paa la msikiti, si kabla, naangalia chini kama kuna unga. Bado sijauona.